Huyo "Mama Yake" ni Mama wa Nani? Uhakiki wa Sentensi Nne

Utangulizi

Ndugu msomaji, kurasa hizi zimezoea kuhakiki riwaya, tamthiliya na diwani. Leo nawaomba radhi wahadhiri wangu, kwani kazi ninayotaka kuihakiki haina jalada, mwandishi wake hajulikani, na urefu wake ni sentensi nne tu. Ni swali la mtihani. Kila aliyesoma shule ya msingi hapa Tanzania analijua: unapewa sentensi zilizovurugwa, unaambiwa uzipange kwa kuzipa herufi A, B, C na D ili zilete habari yenye mtiririko. Mie mwenyewe nilipokuwa darasa la saba niliyaona maswali hayo kuwa ni ya kuokota alama. Unaanza na kuamka, unamaliza na kulala, basi.

Siku hizi sioni hivyo tena. Hoja yangu katika makala hii ni kwamba swali hili dogo ndilo somo la kwanza la uhakiki wa fasihi analopewa mtoto wetu. Anapolijibu anaamua habari ianzie wapi, iishie wapi, na nani abebe lawama. Bahati mbaya, namna linavyotungwa mara nyingine humfundisha kinyume cha yale ambayo sisi huku chuoni tunayasifia.

Sentensi zenyewe

Likizo iliyopita nilikuwa kwa mama mdogo, kijiji cha upande wa Mvumi. Binti yake yuko darasa la saba. Jioni moja aliniletea karatasi ya zoezi la kujipima. Swali la kupanga sentensi alikuwa amelikosa lote, alama yai. Sentensi zilikuwa hizi:

31. Alipofika bombani alikuta foleni ya ndoo imefika barabarani.
32. Juma alifika shuleni saa nne, mwalimu akamwadhibu kwa kuchelewa.
33. Alisubiri zamu yake mpaka jua likapanda.
34. Mama yake alimwamsha alfajiri, akampa ndoo akateke maji.

Jibu lililotakiwa ni 34, 31, 33, 32. Mdogo wangu alikuwa amepanga 32, 34, 31, 33. Yaani alianza na adhabu, ndipo akarudi nyuma alfajiri, akaenda bombani, akaishia kwenye foleni jua linapanda.

Nikamwambia, bila hata kufikiri: "Umekosa, mdogo wangu. Mambo hupangwa kama yalivyotokea. Kwanza kaamshwa, halafu kaenda bombani, halafu kasubiri, mwisho kaadhibiwa."

Akaitazama karatasi, akaniuliza: "Sasa dada, huyo 'mama yake' ni mama wa nani?"

Jamani, sikuwa na jibu. Mwaka wa tatu wa shahada, nimesoma nadharia za uhakiki semista mbili, na mtoto wa darasa la saba ameniweka kwenye kona.

Lugha inasemaje?

Hebu tuzisome sentensi hizo kama tunavyosoma matini yoyote. Jina Juma limetajwa mara moja tu, katika sentensi ya 32. Sentensi ya 34 inasema "mama yake", na sentensi za 31 na 33 zina kiambishi a- tu. Kanuni ya kawaida ya Kiswahili sanifu ni kwamba mtu hutajwa kwanza kwa jina, ndipo tunamrejelea kwa kiambishi au kiwakilishi. Tukifuata jibu la mtungaji, aya inaanza: mama yake alimwamsha. Mama wa nani? Alimwamsha nani? Msomaji anavuka sentensi tatu bila kumjua mhusika mkuu, na anaambiwa jina lake wakati habari imekwisha.

Kwa ushahidi wa lugha iliyo kwenye karatasi, basi, ni mtoto aliyesoma vizuri, na mtungaji ndiye aliyeteleza. Mtoto alilitafuta jina, akalipata katika 32, akaliweka juu. Mtungaji alitazama saa tu: alfajiri ije kabla ya saa nne.

Nisije nikaonekana natetea ndugu. Kuna hoja dhidi ya jibu la mdogo wangu, na ni hoja nzito. Mtu anaporudi nyuma katika masimulizi, Kiswahili kina namna ya kuonyesha kwamba amerudi: angesema "Mama yake alikuwa amemwamsha alfajiri". Sentensi ya 34 inasema "alimwamsha" tu. Nakubali. Lakini wasimulizi wetu hawaweki alama hiyo kila mara. Mara nyingi neno moja la wakati linatosha, na hapa lipo: msomaji aliyeambiwa saa nne, kisha akaambiwa alfajiri, anajua amerudishwa nyuma. Tena dosari hiyo ni ndogo kuliko ya kuanza habari na mama asiye na mtoto.

Mtungaji alikuwa na vifaa vyote vya kuifanya kazi yake vizuri. Kiswahili ni lugha yenye neema katika jambo hili. Tuna -ka- ya masimulizi, ambayo kwa kawaida haianzishi habari bali huegemea tendo lililotangulia. Tuna -po- ya wakati. Tuna "huyo", "hiyo", "kwa hiyo", "hatimaye". Laiti sentensi ya 34 ingesema "Juma aliamshwa na mama yake alfajiri", na ya 32 ikasema "Hatimaye alifika shuleni saa nne", jibu lingekuwa moja na hakuna mtoto ambaye angeonewa. Jibu lingetoka ndani ya sentensi zenyewe, pasipo mtoto kulazimika kubahatisha lililokuwa kichwani mwa mtungaji.

Hesabu ya alama

Sentensi nne zinaweza kupangwa kwa njia 24. Kati ya hizo 24, moja hupewa alama zote. Hilo si tatizo kubwa. Tatizo ni jinsi zile 23 zinavyohesabiwa. Katika zoezi hili, kama katika mtindo tuliofanyia mtihani sisi, kila sentensi ilikuwa swali linalojitegemea: unachagua herufi yake na kuiwekea kivuli.

Sasa tazama. Mdogo wangu aliziweka 34, 31 na 33 kwa kufuatana, sawasawa na mtungaji. Alichofanya tofauti ni kuihamisha 32 kutoka mwisho kuja mwanzo. Lakini kwa kuihamisha hiyo moja, nyingine zote zilisogea nafasi moja: iliyokuwa A ikawa B, B ikawa C, C ikawa D. Akapata sifuri katika nne.

Chukua mtoto mwingine, aliyepanga 34, 33, 31, 32. Huyu amesema Juma alisubiri zamu yake bombani, ndipo akafika bombani. Upuuzi mtupu. Lakini 34 yake iko A na 32 yake iko D, kwa hiyo anapata mbili katika nne. Mwenye habari inayosomeka anapata yai, na mwenye habari isiyowezekana anapata nusu ya alama! Kinachopimwa hapo ni nafasi ya kila sentensi peke yake, wakati mtiririko ni uhusiano wa sentensi na jirani yake. Hivyo ni vitu viwili tofauti.

Msago na rejea

Twende kwenye fasihi sasa. Wanafunzi wa sekondari hukaririshwa kwamba kuna muundo wa msago, ambao matukio hufuatana moja kwa moja, na kuna muundo wa rejea, ambao msimulizi huanza mbele akarudi nyuma. Wahakiki wa Urusi wa mwanzoni mwa karne ya 20, kina Viktor Shklovsky, walilipa jambo hili uzito mkubwa: walitenganisha matukio kama yalivyofuatana na matukio kama yanavyosimuliwa, na wakaona kwamba sanaa imo katika hilo la pili. Zamani zaidi, Aristotle alishasema kwamba hadithi iliyo kamili ina mwanzo, kati na mwisho, na kwamba sehemu zake zishikane kiasi kwamba ukihamisha moja, zote zitatikisika. Lakini hakusema mwanzo wa hadithi ni lazima uwe saa kumi na moja alfajiri.

Huku chuoni tunaisoma Nagona ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1990, na Mzingile iliyofuata mwaka 1991. Hakuna asiyejua kwamba kazi hizo hazifuati kalenda. Tunaandika insha kuzisifia kwa hilo. Tunasema mwandishi ameuvunja mpangilio wa kawaida kwa sababu hali anayoisawiri haina mpangilio. Sawa kabisa. Ila kuna kichekesho: mtoto aliyezoezwa miaka saba kwamba habari ina mpangilio mmoja tu, tunamtaka ghafla, akifika mwaka wa pili wa shahada, aelewe kwamba mpangilio ni uamuzi wa msanii. Ndiyo maana wenzetu wengi wakiifungua Nagona hulalamika kwamba kitabu "hakieleweki". Nadhani wanaitafuta herufi A.

Idodomya

Kwa sisi tunaoishi uwanda huu wa kati, mfano mzuri zaidi hauko mbali. Ni jina la mji wetu. Sote tumesikia kwamba Dodoma limetokana na neno la Kigogo idodomya, yaani imezama. Masimulizi ya asili yake yako mawili. La kwanza, ambalo ndilo hupendwa kusimuliwa kwa wageni, ni la tembo aliyekwenda kunywa maji katika kijito cha Kikuyu, akakwama matopeni, akazama. Hilo ni msago safi: alikuja, alikunywa, alizama, mahali pakapewa jina.

La pili linachekesha zaidi. Watu wa hapa waliiba ng'ombe wa majirani, wakawachinja, wakawala, wakabakiza mikia. Mikia hiyo wakaichomeka kwenye tope. Wenye ng'ombe walipokuja kuwatafuta mifugo yao, wakaonyeshwa mikia na kuambiwa: wamezama.

Ukilisoma simulizi hili kama mhakiki, utaona kwamba ni hadithi inayohusu upangaji wa sentensi. Matukio halisi yalikuwa: wakaiba, wakachinja, wakala, wakachomeka mikia. Wezi wakatunga aya nyingine: ng'ombe walikuja wenyewe, walitaka maji, wakazama, mikia ndiyo iliyobaki. Aya hii ya pili haina kasoro ya mtiririko. Kila sentensi inaifuata ya kabla yake. Ingekuwa mtihani, wezi wangepata nne katika nne.

Ndipo hapa ninapoona hatari ya kumfundisha mtoto kwamba habari yenye mtiririko ndiyo habari sahihi. Mtiririko ni sifa ya usimuliaji. Si ushahidi kwamba mambo yalikuwa hivyo. Mwenye ng'ombe alichohitaji siku ile ni kuushika mkia mmoja na kuuvuta. Nadhani kazi yetu wahakiki haipishani sana na hiyo.

Nani aseme mwisho?

Nirudi kwa Juma. Mipangilio ile miwili haitofautiani kwa lugha tu. Inatofautiana kwa dhamira. Katika mpangilio wa mtungaji, habari inaishia kwenye adhabu. Adhabu inakuwa hitimisho, yaani mambo yote yaliyotangulia yalikuwa yanaelekea huko, na msomaji anafunga karatasi akijua kwamba anayechelewa huadhibiwa. Katika mpangilio wa mdogo wangu, adhabu inatangulia kama swali: kwa nini alichelewa? Sentensi tatu zinazobaki zinajibu. Na sentensi ya mwisho inatuacha na mtoto aliyesimama kwenye foleni ya maji, jua likipanda, tukiwa tayari tunajua yatakayompata. Lawama inamtoka Juma, inakwenda kwenye bomba.

Huku kwetu hilo si jambo la kinadharia. Mvua za uwanda huu ni za msimu mmoja, takriban Desemba hadi Aprili, na miezi inayobaki ni kiangazi. Septemba na Oktoba, ndipo foleni za ndoo na madumu zinapokuwa ndefu kuliko wakati wowote, na Septemba ndio mwezi ambao darasa la saba wamekuwa wakifanya mtihani wao wa mwisho. Mdogo wangu hakuwa anabuni. Anaijua ile foleni. Alipoziona sentensi zile alizipanga kama mtu aliyewahi kusimama pale, akitaka mwalimu asikie sababu baada ya fimbo, kwa kuwa kabla ya fimbo hakuulizwa.

Katika fasihi yetu tuna utanzu unaoonyesha waziwazi nguvu ya anayesema mwisho. Ni ngonjera, na aliyezipa umaarufu ni mtu wa huku huku Ugogoni, Mathias Mnyampala (1917–1969). Ngonjera zake, zilizoenezwa kupitia UKUTA, zilitumika sana mashuleni kuelezea siasa ya Azimio la Arusha la mwaka 1967. Umbo lake ni majibizano: mmoja hajui au anapinga, mwingine anamwelimisha, na mwishoni wanaafikiana. Katika mashairi mengi ya kawaida, hasa yale ya kuorodhesha nasaha, unaweza kubadilishana beti mbili za katikati na asiwepo wa kugundua. Katika ngonjera huwezi. Ubeti wa jibu hauwezi kutangulia ubeti wa swali.

Huo ni ustadi wa kifani, na ninamvulia kofia Mnyampala. Lakini tazama upande wa maudhui. Mpangilio wa ngonjera hautikisiki kwa sababu mshindi anajulikana tangu mwanzo. Hebu chukua ngonjera yoyote ya shuleni, mpe mpinzani ubeti wa mwisho badala ya wa kabla ya mwisho. Maneno ni yaleyale, vina ni vilevile, lakini siasa yake imegeuka. Mtungaji wa swali letu naye, pengine bila kujua, aliandika ngonjera: alitaka mwalimu aseme mwisho. Mdogo wangu alitaka bomba liseme mwisho.

Watakaopinga

Najua watakaonipinga. Rafiki yangu mmoja wa kitivo cha elimu, tunayekaa naye bweni moja, alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: "Wewe bwana unaongea ya riwaya. Mtihani una watoto laki kadhaa. Kila mtoto akija na kisengere nyuma chake, nani atasahihisha?" Ni hoja ya haki. Mtihani wa taifa zima unahitaji jibu moja, na mashine haisomi maelezo. Aidha, mtoto ajue msago kwanza kabla hajauvunja, kama mchezaji ngoma anavyoshika mdundo kabla hajaanza madoido.

Nakubali yote mawili. Sisemi kila mpangilio ni sahihi. Yule aliyesubiri kabla ya kufika amekosa, na atabaki amekosa. Ninachosema ni kwamba mpangilio uhukumiwe kwa ushahidi ulio ndani ya sentensi. Kama mtungaji anataka jibu moja, azifunge sentensi zake kwa vifungo vya lugha: jina mwanzoni, -ka-, "hatimaye", "kwa hiyo". Akishindwa kuzifunga, basi amekubali majibu mawili, na asimwadhibu mtoto kwa kuliona lile la pili.

Hitimisho

Mapendekezo yangu ni matatu. Kwanza, wenzangu mtakaokwenda kufundisha, kabla ya kumpa mtoto swali la namna hii, zipangeni sentensi zenu wenyewe kwa njia nyingine mbili tatu muone kama zinakataa. Zisipokataa, rudini mkatunge upya. Pili, katika mazoezi ya darasani, ambako hakuna mashine, mtoto aulizwe kwa nini ameanza na sentensi aliyoanza nayo. Sababu yake ndiyo itakayomwonyesha mwalimu kama amesoma. Tatu, sisi wa fasihi tuache kudharau maswali haya na kuyaona ni ya watu wa isimu au wa elimu. Wasomaji wa Nagona wa kesho wanatengenezwa hapo.

Kuhusu mdogo wangu, mambo ni magumu kidogo. Nilimwambia ukweli wote: kwamba jibu lake lina mantiki, kwamba mimi ndiye niliyekosea kumwambia amekosa, na kwamba kwenye mtihani ajibu kama mtungaji anavyotaka, aanze na alfajiri. Alitikisa kichwa kuonyesha ameelewa. Kisha akaniuliza kama na huko chuo kikuu tunajibu anavyotaka mtungaji. Swali hilo nimelileta kwenu, ndugu wasomaji, wanafunzi na wahadhiri, kwa sababu peke yangu nimeshindwa kumjibu. Mwenye jibu aliandike katika toleo lijalo, nami nitampelekea likizo ijayo.